UZI: Nazi, samli, samaki na kolesteroli ya damu: sinia ya Lamu ina nini kwa moyo?

Bint Langoni (mwenye uzi)

Assalaamu alaykum, ndugu zangu.

Uzi huu umeletwa na karatasi moja ya maabara. Kaka yangu, nahodha wa miaka hamsini na mitatu ambaye hajapata kulazwa hospitali tangu azaliwe, alipimwa damu mwezi uliopita, na majibu yakaja hivi: kolesteroli kwa jumla 6.9, LDL (ile iitwayo kolesteroli mbaya) 4.7, HDL (ile iitwayo nzuri) 1.1, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 2.4, kwa kipimo cha milimoli katika lita moja ya damu. Jumla hiyo hupendekezwa iwe chini ya 5.2, na LDL ya mtu asiye na maradhi iwe 3 au pungufu. Aliyempa karatasi alimwambia maneno mawili tu, "Acha nazi", kisha akaitwa mgonjwa mwingine. Kaka akatii. Wali wa nazi ukaondoka, na badala yake zikaja chapati za samli asubuhi, viazi karai saa nne, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari kila aketipo barazani, na jioni mkate mweupe kwa kuku wa kukaanga. Wiki tatu nzima aliamini kwamba anajilinda.

Mimi ni mwalimu wa sayansi kimu, na jambo hili limenikaa rohoni, kwa sababu kosa hili si lake peke yake. Tumezoea kukishitaki chakula kimoja na kukihukumu, ilhali mishipa ya moyo hupokea kila kilichoingia tumboni kwa pamoja, siku baada ya siku na mwaka baada ya mwaka: mafuta ni ya aina gani, nyuzinyuzi ni nyingi kiasi gani, sukari na unga mweupe ni kiasi gani, samaki yumo au hayumo. Naomba nieleze ninavyolijua suala hili, nanyi wenye elimu zaidi mnisahihishe.

Kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu, si sumu. Mwili huitumia kujengea kuta za seli, kutengenezea homoni na kutengenezea nyongo, na sehemu kubwa yake hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa katika ini, wala haitoki moja kwa moja kwenye chakula. Kwa kuwa mafuta hayachanganyiki na maji, kolesteroli haiwezi kusafiri katika damu peke yake. Husafirishwa ndani ya chembe zilizoundwa kwa mafuta na protini. Kwa sisi watu wa bahari, tuzifikirie chembe za LDL kama majahazi yaliyosheheni, na ini kama bandari yenye magati yake. Magati hayo ni vipokezi vilivyo juu ya seli za ini, ambavyo huikamata LDL na kuitoa katika damu. Waliovigundua ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, na kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Magati yakiwa machache, majahazi hubaki yakizunguka, na kadiri yanavyokuwa mengi na yanavyokaa muda mrefu ndivyo yanavyozidi kupenya katika ukuta wa mshipa na kuacha shehena yao humo. Huko hujengeka utando mnene wa mafuta, na siku utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na kuziba njia. Huo ndio mshtuko wa moyo, na ukitokea katika mshipa wa ubongo huwa ni kiharusi.

Chakula huingia hapa kwa njia kadhaa. Mafuta yaliyoshiba, kama ya samli na nazi, hulifanya ini lipunguze magati yake, na LDL ikapanda. Mafuta yasiyoshiba, kama ya simsim, alizeti na soya, yakichukua nafasi ya yale yaliyoshiba, LDL hushuka. Nyuzinyuzi laini zilizomo katika mbaazi, kunde, maharage na bamia hunasa nyongo ndani ya utumbo na kutoka nayo, hata ini likalazimika kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili litengeneze nyongo mpya. Sukari na unga mweupe vikizidi hupandisha trigliseridi na kushusha HDL. Na yapo mafuta ya transi, yanayotokea kiwandani mafuta ya maji yanapogandishwa nusunusu. Mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha kwamba hayo hufanya mabaya mawili kwa pamoja, yaani hupandisha LDL na kushusha HDL, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa wito yaondolewe katika vyakula duniani kote.

Sasa nije kwenye nazi, kwani najua ndiyo iliyowafanya wengi wafungue uzi huu. Sitaitetea kwa kuwa ni yetu. Nyama ya nazi iliyokomaa ina kama gramu 33 za mafuta katika kila gramu 100, na takriban gramu 30 katika hizo ni mafuta yaliyoshiba. Nazi ya kiasi hutoa nyama ya gramu 400 hivi, kwa hiyo nazi moja ina mafuta yaliyoshiba yapatayo gramu 120. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hii yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwa mtu anayekula kalori 2000 hiyo ni gramu 22 tu. Yapo mafuta yanayobaki katika chicha, maana mkono na kifumbu havikamui kila kitu. Hata hivyo, nazi moja ikiliwa na watu sita, kila mmoja anaweza kupata hadi gramu 20. Yaani wali peke yake unaweza kummalizia mtu mgao wake wa siku nzima, kabla hajagusa mchuzi wa nazi na mbaazi za nazi. Katika nyumba yetu chungu cha mchana kilikuwa kikila nazi tatu kwa watu saba.

Lakini angalieni kilichompata kaka alipoacha nazi. Hapa kwetu mbaazi hupikwa kwa nazi, samaki wa kupaka hupakwa tui la nazi, mchicha huungwa kwa nazi, bamia vilevile. Nazi ilipofukuzwa iliondoka na wenzake wote: nyuzinyuzi za mbaazi zikaondoka, samaki akaondoka, mboga zikaondoka. Kilichobaki ni samli, ambayo zaidi ya nusu ya mafuta yake yameshiba, pamoja na unga mweupe, sukari, na mafuta ya mawese ya kukaangia, ambayo nusu yake nayo yameshiba. Amehama kutoka katika sinia yenye kasoro moja kubwa na kinga nyingi, akaenda katika sinia yenye kasoro hiyohiyo na isiyo na kinga hata moja. Hili ndilo ninaloomba tulijadili.

Nahodha Mstaafu

Waalaykumu salaam, mwalimu. Mimi ni mtu wa Faza na umri wangu umepita sabini. Babu yangu alikula nazi kila siku aliyojaaliwa, na akiwa na miaka themanini alikuwa bado anakwea mnazi mwenyewe. Hatukusikia habari za mishipa kuziba. Je, nazi ya zamani ilikuwa nyingine, au sisi ndio tuliobadilika?

Bint Langoni

Shikamoo, ami. Nazi ni ileile.

Swali lako lilipata kuchunguzwa katika visiwa viwili vya bahari ya Pasifiki, Pukapuka na Tokelau. Mwaka 1981 Ian Prior na wenzake wa Nyuzilandi walichapisha matokeo yao: watu wa Tokelau walipata kama asilimia 63 ya nishati yao kutoka kwenye nazi, na wa Pukapuka kama asilimia 34. Kolesteroli ya watu wa Tokelau ilikuwa juu zaidi, na hapo tunaona kwamba nazi ilifanya kazi yake ileile ya kupandisha. Pamoja na hayo, maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa adimu katika visiwa vyote viwili. Watu hao walikula samaki kwa wingi, sukari kidogo sana, nyuzinyuzi nyingi, na kazi zao zilikuwa za mwili. Watu wa Tokelau waliohamia Nyuzilandi waliongezeka uzito, na kisukari na shinikizo la damu vikaongezeka miongoni mwao.

Babu yako, ami, alikula nazi pamoja na samaki aliyemvua mwenyewe, mkate wa mofa wa mtama, kunde za shambani, na alitembea au kuvuta makasia siku nzima. Sisi tumeibakiza nazi, tukaongeza na nyingine juu yake, tukaviacha vile vilivyokuwa vikiandamana nayo. Na tukumbuke jambo jingine bila kuwavunjia heshima wazee wetu: wakati huo mtu aliyeanguka ghafla akiwa na miaka hamsini hakupimwa na yeyote. Alizikwa siku hiyohiyo, na tukasema siku zake zimefika.

Hata hapa Kenya na kwa jirani zetu kuna mfano wa aina hii. Mwaka 1962 Shaper aliandika juu ya Wasamburu, na mwaka 1964 George Mann akaandika juu ya Wamasai wa Tanganyika. Wote ni watu wa maziwa na nyama, na hata hivyo kolesteroli ya damu yao ilikuwa chini. Watu hao walikuwa wembamba na wakitembea mwendo mrefu nyuma ya mifugo. Mtu hawezi kuchukua maziwa yao akaiacha miguu yao.

Kijana wa Malindi

Mwalimu, nashukuru kwa maelezo, lakini nina pingamizi. Nimesoma mara nyingi kwamba mafuta ya nazi hupandisha HDL, ile kolesteroli nzuri, na kwamba asidi zake, yaani vipande vinavyounda mafuta hayo, ni fupi, hivyo huchomwa mara moja na mwili wala hazikai. Hapa Malindi watu wanakunywa kijiko cha mafuta ya nazi kila asubuhi kwa ajili ya moyo. Je, wanakosea?

Bint Langoni

Kaka, kwa moyo wanakosea, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo bila kusitasita.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki. Wauzaji huihesabu miongoni mwa zile asidi za mnyororo wa kati, lakini mwilini nyingi yake husafirishwa kama asidi ndefu zifanyavyo, na ni miongoni mwa zile tatu zinazojulikana kwa kupandisha kolesteroli, nyingine zikiwa ya miristiki na ya palmitiki. Mwaka 2020 yalichapishwa mapitio ya majaribio 16 yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta mengine ya mimea. LDL ilipanda kwa waliotumia nazi, wastani wa kama miligramu 10 katika desilita moja, ambayo kwa kipimo cha karatasi ya kaka yangu ni robo ya milimoli hivi. HDL ilipanda pia, hilo ni kweli na sitalificha, kwa kama miligramu 4. Lakini dawa kadhaa zimewahi kutengenezwa kwa ajili ya kupandisha HDL, nazo zikaipandisha, na mshtuko wa moyo haukupungua. Kwa hiyo HDL iliyopanda kwa sababu ya kijiko cha mafuta si hati ya usalama. LDL ndiyo yenye ushahidi mzito: ikishushwa kwa dawa kwa milimoli moja, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa kama moja ya tano.

Naongeza nukta ambayo naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio ya miaka miwili na zaidi yalionyesha kwamba kupunguza mafuta yaliyoshiba kulipunguza matukio ya moyo na mishipa kwa asilimia 17 hivi. Faida ilionekana wazi zaidi pale nafasi ya mafuta yaliyoshiba ilipochukuliwa na mafuta yasiyoshiba. Aliyeondoa samli akaweka sukari na mkate mweupe hakupata alichokitafuta. Kwa hiyo kila anapoambiwa mtu "acha hiki", haki yake ni kuambiwa pia ale nini mahali pake.

Mpishi wa Shughuli

Mimi napika harusi na maulidi huku Mkomani kwa zaidi ya miaka ishirini, na mwanangu ndiye anayeniandikia haya. Mwalimu amesema kweli kuhusu nazi tatu. Mama yangu alinifunza kuwa kasimile, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, huhifadhiwa pembeni na kutiwa mwisho, kidogo, juu ya samaki wa kupaka. Wali ulipikwa kwa tui la pili na la tatu, ambalo ni jepesi. Siku hizi watu hawaridhiki mpaka wali ung'ae kwa mafuta, na mwenye shughuli huona haya wali wake usiponata mkononi.

Ninalotaka kuuliza ni juu ya mafuta ya kukaangia. Katika Ramadhani mtu hukaanga sambusa, kaimati na bajia, na mafuta hayohayo huwekwa mpaka kesho, na kesho kutwa, mpaka yawe meusi. Je, hayo ndiyo hayo mafuta ya transi?

Bint Langoni

Mama, umenifundisha. Kukamua mara mbili au tatu na kuigawa kazi ya kila tui ni elimu kamili ya lishe, na naona ndiyo njia ya kurudisha mbaazi na samaki katika sinia ya kaka bila kumwambia asile tena chakula cha kwao.

Kuhusu mafuta yaliyorudiwa: transi hasa hutoka kiwandani, na kukaanga nyumbani huzalisha kiasi kidogo tu cha hayo. Lakini mafuta yanayochemshwa tena na tena huharibika, hujaa mabaki yaliyoungana na hewa, na yakishakuwa meusi, mazito na yenye kutoa povu hayafai kutiwa kinywani. Ningependa pia tulikumbuke simsim. Bara ya Lamu ilikuwa maarufu katika karne ya 19 kwa simsim iliyosafirishwa kwa majahazi, na mafuta yake yana mafuta yaliyoshiba asilimia 14 au 15 tu. Ni ghali kwa kukaangia, lakini kijiko kimoja cha kuungia kunde hakimshindi mtu.

Muuguzi wa Mokowe

Nimeusoma uzi wote na ninaunga mkono, ila naomba niongeze upande wa kliniki, maana chakula hakibebi jambo lote. Uchunguzi mkubwa uitwao INTERHEART, uliofanyika katika nchi 52 na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba sababu tisa zinazopimika hueleza karibu asilimia 90 ya hatari ya mshtuko wa moyo wa mara ya kwanza, na mafuta ya damu na sigara ndizo zilizoongoza. Nahodha avutaye sigara na kuhangaika juu ya nazi peke yake ameacha tundu kubwa katika jahazi lake.

Pili, wapo watu ambao LDL yao iko juu kwa urithi, takriban mmoja katika kila 250 hadi 300, na hao hata wakila mbaazi mwaka mzima hawatafika panapotakiwa bila dawa. Ikiwa katika ukoo wenu baba au ami alipatwa na mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, mwambie daktari. Na aliyeandikiwa dawa za kushusha kolesteroli asiziache kwa sababu amesikia habari za kitunguu saumu.

Tatu ni chumvi. Ng'onda na papa mkavu ni samaki, ndiyo, lakini chumvi yake hupandisha shinikizo la damu. Aliyekwisha kuambiwa ana shinikizo amroweke samaki huyo na kuyamwaga maji yake, au amle kwa nadra.

Mwana wa Shela

Na kamba je? Na kahawa? Baba yangu amekatazwa kamba na mayai, lakini kahawa chungu anakunywa tangu magharibi mpaka isha.

Bint Langoni

Muuguzi, ahsante sana. Kaka havuti sigara, lakini marehemu baba yetu alianguka akiwa na miaka 52, na hilo hatukulisema kliniki. Tutalisema.

Mwana wa Shela, kamba wana kolesteroli nyingi lakini mafuta yaliyoshiba ni kidogo sana, na kolesteroli ya kwenye chakula huathiri damu ya watu wengi kwa kiasi kidogo kuliko mafuta yaliyoshiba yanavyoathiri. Kamba wachache wa kuchemsha au wa kuchoma si wa kuogopwa kama ilivyodhaniwa zamani, ila daktari wa baba yako anayaona mengine ambayo mimi siyaoni, hasa kama mzee ana kisukari. Kahawa ni habari ya kushangaza kidogo. Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, Norwe, waliona kwamba wanywaji wa kahawa nyingi walikuwa na kolesteroli ya juu, na baadaye ikafahamika kwamba sababu ni mafuta yaitwayo kafestoli, ambayo hubaki katika kahawa ya kuchemshwa na kunaswa na karatasi ya kuchujia. Kahawa yetu ya kwenye dele ni ya kuchemshwa. Vikombe vyetu ni vidogo, na kimoja au viwili havina neno, lakini kumi kila usiku ni hesabu nyingine, na mzee anaweza kuanza kwa kuipunguza hiyo.

Juu ya samaki kwa jumla, kuna utafiti wa jirani zetu wa Tanzania, uitwao wa Lugalawa, uliochapishwa mwaka 1996. Wanavijiji wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa waliokula samaki kila siku walilinganishwa na wanavijiji wa milimani wasiokula samaki, na wale wa samaki walikuwa na shinikizo la damu la chini, na kolesteroli na trigliseridi za chini pia. Sisi tuna vibua na simu, wale samaki wadogo jamii ya dagaa, kwa bei ambayo maskini anaiweza, nao ndio wenye mafuta bora kuliko changu tunayemgombania.

Nimeketi na wifi yangu jana jikoni, tukapanga. Nazi ni moja kwa watu saba, na haipikwi kila siku. Tui la pili na la tatu ni la wali au mbaazi, si vyote viwili kwa chakula kimoja. Kasimile imewekewa samaki wa kupaka wa Ijumaa. Asubuhi ni mkate wa mofa na kunde, chai ina kijiko kimoja cha sukari, na samli imerudi kabatini kwa ajili ya Idi. Kaka amekubali yote isipokuwa chai, na juu ya hiyo bado tunazungumza naye. Atapimwa tena baada ya miezi mitatu, akiwa hajala tangu usiku ili trigliseridi isomeke vizuri, na safari hii nitafuatana naye, nikiwa na habari za baba.